Kozi wa Amur au kozi miguu-myekundu? Kundi la mlango wa Sabaki

Mambrui_Juu
Asalam aleikum wenzangu. Kozi wadogo wameshuka mlango wa Mto Sabaki, pwani ya Kenya, baada ya mvua ya vuli, wanadaka kumbikumbi hewani. Dume mmoja ni kijivu cha makaa, mapaja na chini ya mkia rangi ya kutu, miguu ya chungwa. Wengi wasema Amur, nami nashuku miguu-myekundu, ambaye huku ni adimu. Picha ninazo za ndege aliyetua kwenye waya.

Darubini8x42
Waaleikum salaam. Madume wa aina hizo mbili wakifunga mbawa karibu ni mamoja. Tazama chini ya bawa: Amur ana weupe safi upande wa mbele, na manyoya ya kurukia meusi. Mwenzake ni kijivu kilichoiva bawa zima.

Mpige picha akiwa angani, kasi ya shata sekunde 1/2000, na uongeze mwangaza wa picha kwenye kamera hatua moja au moja na nusu. Usipoongeza, mbingu angavu huidanganya kamera, weupe unaingia kivulini na Amur wa kawaida anageuka ndege adimu. Rekodi nyingi mbovu chanzo chake ni hicho. Jua likiwa chini, asubuhi au alasiri, bawa humulikwa vizuri.

Majike hawasumbui. Amur ana kichwa kijivu na kifua cheupe chenye mabaka meusi; miguu-myekundu ana utosi na kifua cha chungwa iliyopauka.

Kaskazi_Lamu
Novemba na Desemba pwani hii, anza na Amur. Hutoka Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, hutua Nagaland, India, kisha huvuka bahari kwa upepo wa nyuma, zaidi ya kilomita 3,000 bila kutua. Miguu-myekundu huzaliana Ulaya ya mashariki hadi Asia ya kati na hupita magharibi zaidi, kuelekea Angola, Namibia na Botswana. Ila kozi hupotea: mwaka 2004 miguu-myekundu alifika Massachusetts, Marekani, na 2008 Amur akatokea Yorkshire, Uingereza.

Yuko pia kozi-masizi anayekwenda Madagaska: kijivu mwili mzima, hana kutu popote, miguu ya manjano.

Darubini8x42
Akiwa Amur, mwingize Kenya Bird Map, ramani ya rekodi za ndege wa Kenya, yatosha. Akiwa yule mwingine, kamati ya ndege adimu itataka picha zote, hata zilizotikisika, bila kukatwa wala kung'arishwa, pamoja na saa, mahali na upande wa jua.

Mambrui_Juu
Ahsanteni. Kuna picha moja anainuka kwenye waya, mbele ya bawa ni peupe. Amur. Namwingiza leo.