Nimeuziwa AC "zinazotabiri", mgeni wa chumba namba 9 analala barazani

Wakuu salaam. Mods, uzi huu msiuunganishe na ule wa mafundi matapeli. Huu ni wa AC, na nimechoka.

Nina gesti ya vyumba 14 hapa Chumbageni, Tanga. Mbele ni nyumba ya zamani, kuta za mawe na chokaa, nene hivi kwamba mtoto anakaa dirishani na miguu yake yote. Nyuma nimejenga mwenyewe vyumba 8: tofali za saruji, jipsam, bati. Shikeni hilo la mbele na nyuma, ndipo nilipopigwa.

Mwaka jana mwezi wa saba ilikuja kampuni moja na maneno matamu. Mama, rimoti weka kabatini, sanduku moja ukutani litaongoza AC zote. Linajua jengo linavyopata joto na linavyolipoteza, linachukua utabiri wa hali ya hewa, linapiga hesabu ya saa kadhaa mbele, linatekeleza hatua ya kwanza tu, halafu linapima upya na kupanga upya. Mpwa wangu aliyesomea umeme akasema ni kitu cha kweli, kilianzia viwanda vya mafuta miaka ya 1970 kabla hakijafika kwenye majengo. Nikatoa milioni nane na nusu. Na laki na ishirini kila mwezi, ya "huduma".

Kulipima jengo, wakapima chumba namba 2. Kimoja! Cha mbele! Wiki mbili, kusi linavuma, mimi mwenyewe najifunika shuka la pili. Hesabu za chumba hicho wakazimwaga kwenye vyumba vyote 14.

Sasa ni kaskazi. Saa tisa alasiri sanduku linapoza vyumba vya nyuma, linaridhika, linazima, likiamini ukuta utatunza ubaridi mpaka jioni. Ukuta upi? Yale mawe ya namba 2 yanatunza kweli, sikatai. Tofali jembamba chini ya bati lililochomwa na jua tangu asubuhi halitunzi kitu. Mtauliza, si linapima upya? Linapima. Ila sensa, kile kidude cha kupimia joto, ya upande mzima wa nyuma ni moja, na wameipachika chumba namba 7, ninapowekea mashuka, mlango haufunguliwi siku nzima. Basi namba 7 baridi shwari, mashuka yanastarehe, na mgeni wa namba 9, mzee wa watu kutoka Lushoto, nimemkuta saa nne usiku barazani na godoro lake. Wallahi niliona haya.

Saa nane usiku kinyume chake. Linawasha kwa nguvu, hata vyumba visivyo na mtu. Nikampigia kijana wao. Akajibu, "Usiku umeme ni rahisi mama, linakuokolea." Mwanangu, rahisi wapi? Kuna nchi umeme wa usiku una bei yake, sawa. Uniti yangu ya LUKU ni bei ile ile adhuhuri na usiku wa manane. Hata hiyo bei ndani ya sanduku hawakuibadilisha! Zamani uniti 50 zilinivusha siku, sasa mita inaanza kulia kabla ya adhana ya alfajiri.

Unyevu ndio hawakuuhesabu kabisa. Sisi wa pwani tunajua, joto si namba peke yake. Kompresa ikizunguka, ule mpira wa nje unadondosha maji, ndiyo unyevu unatoka chumbani. Ikizimwa saa nzima mpira unakauka, kioo kinaloa, mto unanuka ukungu. Namba kwenye sanduku inasema 25, kila kitu sawa.

Na umeme ukikatika ukarudi, AC zote 14 zinaruka kwa pamoja, breka kuu inakata. Fundi wangu wa mtaani alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hata yeye huwasha moja moja.

Kila nikilalamika naambiwa, "Mfumo bado unajifunza." Unajifunza kwa hela yangu? Nimeomba nenosiri nibadilishe bei ya umeme na kuhamisha sensa, wakasema nenosiri ni mali ya kampuni. Sanduku langu, ukuta wangu!

Kwa mnaoniambia niling'oe: nilijaribu Jumapili. AC hazisikii rimoti tena mpaka sanduku liruhusu.

Ninachotaka ni mtu aliye Tanga, au hata Muheza, anayeweza kuzitenganisha AC na hilo sanduku bila kuua bodi zake. Nalipa leo. Kati ya rimoti 14 nimezipata 11, betri nimeshanunua.