Hosteli ya wasichana: tukate kwenye korosho, tufanye harambee, au tuwaandikie wahitimu?

Mjumbe wa Bodi ya Shule, Newala

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ya sekondari ya kata wilayani Newala. Shule yetu ilianza mwaka 2006, wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na madarasa ya kwanza yalijengwa kwa nguvu za wananchi. Akina mama walibeba kichwani maji ya kufyatulia matofali, na anayeijua shida ya maji katika nyanda za Makonde atauelewa uzito wa jambo hilo.

Sasa tunahitaji hosteli. Wasichana wanaotoka vijiji vya mbali wamepanga vyumba mtaani, wanajipikia na kulala bila mtu mzima wa kuwaangalia, na kila mwaka baadhi yao hawafiki kidato cha nne. Bodi imekubaliana kwamba tuanze kuinua boma wenyewe kisha tuombe halmashauri itusaidie kupaua, lakini hatujakubaliana namna ya kupata fedha. Wapo wanaotaka kila kilo ya korosho ikatwe kiasi kidogo kupitia chama cha msingi cha ushirika cha wakulima (AMCOS), wengine wanataka harambee yenye mgeni rasmi, na mimi nimependekeza tuwaandikie wahitimu wetu. Nasita kwa sababu miaka kadhaa iliyopita, katika shule nyingine niliyokuwa na mtoto, tulichangishwa fedha za madawati bila stakabadhi, madawati hatukuyaona, na hadi leo ukitaja neno mchango katika mkutano wa kijiji kile watu huinuka wakaondoka. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu.

Mhasibu mstaafu, Mtwara Mjini

Ndugu Mjumbe, kabla ya kuchagua njia, hakikisheni mnasimama mahali salama kisheria. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na tangu hapo shule hupokea ruzuku ya uendeshaji inayokokotolewa kwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Ruzuku hiyo ni ya chaki, mitihani na ukarabati mdogo, kwa hiyo hosteli haiwezi kutoka humo. Hata hivyo, kuondolewa kwa ada hakukuwazuia wananchi kuchangia kwa hiari yao. Kilichokatazwa, na ambacho Rais John Magufuli alikikemea kwa ukali mnamo Januari 2018, ni kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa mchango, na pia mwalimu kugeuka mkusanyaji wa fedha. Pitisheni azimio katika mkutano mkuu wa kijiji, lipelekeni kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ombeni kibali cha halmashauri kwa maandishi, na fedha zote ziingie katika akaunti ya benki ya shule bila kupita mfukoni mwa mtu yeyote, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Kuhusu harambee, nitasema niliyoyaona nikiwa mhasibu. Ahadi hutangazwa kwa kipaza sauti, watu wakapiga makofi, na jumla inayosomwa jioni huwa ni ya fedha taslimu na ahadi zikiwa zimechanganywa. Wiki inayofuata mafundi huanza kazi kwa kuitegemea jumla ile, na ifikapo hatua ya lenta fedha huwa zimekwisha. Mkifanya harambee, someni hesabu mbili tofauti, na msichimbe msingi kwa kutegemea ahadi. Ondoeni pia gharama za turubai, chakula na usafiri wa wageni kabla ya kutangaza kilichopatikana, kwa kuwa mchangiaji ana haki ya kujua kiasi kilichobaki kwa ajili ya matofali.

Kama mnatarajia kampuni kubwa ichangie, jueni kwamba Mfuko wa Elimu, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, husimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, na kwamba mchango unaotolewa chini ya sheria hiyo huzingatiwa katika hesabu ya kodi ya mapato ya mtoaji. Wahasibu wa kampuni hulisikiliza hilo kuliko hotuba.

Mkulima na mwanachama wa AMCOS, Nanyamba

Mheshimiwa Mjumbe, mimi ni mmoja wa hao mnaotaka kuwakata. Sikatai kuchangia, kwa maana mabinti zangu wawili wamesoma katika shule ya kata. Lakini makato yakiingizwa kwenye hati ya malipo ya korosho, hayawi tena mchango, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Bei ya mnada inapotangazwa, mkulima tayari ana makato ya usafirishaji, ya ghala na ya chama, na kila senti inayoongezwa huhesabiwa kwa uchungu. Kama ni lazima mpite huko, jambo hilo lijadiliwe na wanachama wenyewe katika mkutano mkuu wa chama cha msingi, likae kwa msimu mmoja tu unaotajwa kwa mwaka, na mwanachama asiyetaka aruhusiwe kuandika jina lake asikatwe.

Lipo jingine ambalo waandaaji wa michango hawalitazami, nalo ni majira. Shule nyingi huomba michango kati ya Mei na Agosti, wakati mkulima ananunua salfa na kulipa vibarua wa kupulizia mikorosho, na wengine wana watoto wa kupeleka jando na unyago. Mzazi anayeogopa aibu mbele ya mtendaji wa kijiji hana pa kuchukua fedha ila kwa mnunuzi wa kangomba, ambaye humpa fedha kidogo leo ili aje achukue korosho nyingi msimu ukifika. Kwa namna hiyo mchango wa shilingi elfu tano humgharimu maradufu au zaidi, na shule haijui. Ombeni kuanzia Oktoba, minada ikishaanza na watu wakiwa wamelipwa. Asiye na fedha mruhusuni alete tripu ya mchanga au siku tatu za kazi, na thamani yake iandikwe katika daftari lilelile la wachangiaji.

Mlezi wa wanafunzi, Ruangwa

Nakubaliana na waliotangulia, lakini naomba niulize, dada zetu hao watakula nini? Nimefanya kazi mahali ambapo hosteli ilizinduliwa kwa shangwe na baadaye ikakaa mwaka mzima ikiwa na wasichana wachache kuliko vitanda, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepanga chakula, mlinzi, taa wala maji. Ni rahisi kumwomba mtu bati, maana bati huonekana na jina lake litatajwa siku ya uzinduzi. Ni vigumu kumwomba mshahara wa mpishi. Kwa hiyo wekeni gharama za miaka miwili ya uendeshaji ndani ya bajeti mnayoitangaza tangu mwanzo, na kwa Newala ongezeni tangi la kuvunia maji ya mvua. Wazazi wa wasichana watakaolala hapo wakae peke yao wakubaliane kiasi cha mahindi, maharage na unga wa muhogo, kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Mhitimu wa shule ya kata, sasa nipo Dar es Salaam

Kaka Mjumbe, pendekezo lako la wahitimu lina nguvu kuliko unavyodhani. Waliomaliza kidato cha nne mwaka 2009 leo wana umri wa miaka zaidi ya thelathini, na wengi ni walimu, wauguzi, madereva na wafanyabiashara. Vyuo vikuu vingi vikongwe duniani vimejengwa kwa michango ya watu binafsi, wakiwamo wahitimu. Chuo cha Harvard kimepewa jina la John Harvard, ambaye mwaka 1638 alikiachia nusu ya mali yake pamoja na vitabu vyake, na hadi leo vyuo vya namna hiyo huajiri watu wa kutunza orodha ya wahitimu. Shule yenu ina orodha hiyo tayari, nayo ni daftari la uandikishaji lililo ofisini kwa mkuu wa shule.

Msianze na barua ya kuomba fedha. Mimi niliwahi kuandikiwa na shule niliyosoma baada ya miaka kumi ya ukimya, na barua yenyewe ilikuwa na namba ya akaunti tu, bila hata kuuliza kama niko hai. Sikutuma kitu, na bado najilaumu. Tumeni kwanza habari: matokeo ya mwaka huu, mwalimu aliyestaafu, picha ya darasa la zamani. Ombi lifuate baadaye, liwe dogo na lenye kitu kimoja kinachohesabika, kwa mfano kitanda kimoja na godoro lake.

Mjumbe wa Bodi ya Shule, Newala

Nawashukuru sana. Jumamosi nitapendekeza kwamba makato ya korosho yaachwe, kwamba bajeti iandikwe upya ikiwa na chakula, mlinzi na tangi la maji, na kwamba mimi na katibu tuanze kunakili majina kutoka daftari la mwaka 2006. Ninabaki na swali moja kwa mzee wa Nanyamba: hesabu tuzisome wapi ili hata asiyekuja mkutanoni azione?

Mkulima na mwanachama wa AMCOS, Nanyamba

Zibandikeni ukutani kwenye ghala la chama wakati wa msimu, karibu na mzani. Kila mkulima husimama hapo akisubiri magunia yake yapimwe, na huwa hana jambo jingine la kusoma. Andikeni mifuko ya saruji iliyonunuliwa, iliyotumika na iliyobaki, na mbadilishe karatasi kila wiki.