Mwanza hadi maporomoko ya Rusumo kwa IST, njia ikoje?

Mtoto wa Mwaloni
Wakuu, habari za jioni. Nataka kumpeleka mama Rusumo akaone maporomoko. Ameuza dagaa Kirumba Mwaloni zaidi ya miaka ishirini, maji anayaona kila siku, ila yaliyolala. Alisikia redioni habari za mto unaoanguka, tangu hapo haachi kuniuliza. Gari ni IST na mgongo wake hautaki mirusho. Njia ikoje? Na pana utulivu wa kukaa hata saa moja?

Dereva Mstaafu
Mwanangu, njia hiyo nimeipita na lori miaka mingi. IST inafika, ila usijaribu kwenda na kurudi siku moja, mama utamuua.

Ukitoka Nyegezi alfajiri, pale Usagara kata kulia. Daraja la Magufuli lina kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Sisi tulikuwa tukikesha Kigongo kwenye foleni ya pantoni. Nenda polepole hapo mama aone ghuba kushoto na kulia. Sengerema, Geita, kunywa chai. Katoro kuwa makini, bodaboda ni wengi, na vijijini shika hamsini, tochi za trafiki za kupima mwendo zipo. Baada ya Bwanga nyumba zinapungua, unaanza kusikia hewa ya msitu. Laleni Biharamulo, na jioni mwonyeshe boma la Wajerumani.

Kesho yake saa kumi na mbili mmeshaondoka. Lusahunga hadi Rusumo ni kilomita 92, na malori yamekitesa sana kipande hicho, kwa hiyo taratibu. Ila ndicho kizuri kuliko vyote: vilima vya Ngara, migomba, ukungu umelala mabondeni. Mimi nilikuwa nazima redio nikifika huku.

Mhangaza
Karibuni kwetu. Niseme ukweli kuhusu utulivu: ni mpakani na Rwanda, malori ya Kigali hayakatiki. Lakini ukisimama karibu na maji, ngurumo inayameza yote. Bebeni vitambulisho, na picha ombeni ruhusa kwanza. Kiangazi siwashauri, maji mengi yanapitishwa kwenye mtambo wa umeme wa megawati 80 tunaogawana na Rwanda na Burundi. Njooni Aprili, mto ukiwa umejaa, mwekundu kwa udongo.

Dereva Mstaafu
Aprili, ndiyo. Aprili 1994 nilikuwa Benaco, kule Ngara. Watu karibu laki mbili na nusu waliokimbia mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja tu, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Kila nikipita pale nilikuwa nasimamisha gari, nashuka, nakaa kimya kidogo. Mama ni mtu mzima, mweleze kabla hamjafika.

Mtoto wa Mwaloni
Shikamoo mzee wangu, wabeja sana. Nitamweleza. Hivi maji hayo yanaishia wapi?

Dereva Mstaafu
Marahaba. Yanaishia kwenu. Huo ni mto Kagera: unapanda kaskazini, unazunguka, unapita Kyaka, unaingia Uganda kidogo, kisha ziwani. Hakuna mto unaolilisha Ziwa Victoria kuliko huo.

Mtoto wa Mwaloni
Nimemsomea yote. Kwenye habari ya 1994 amenyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia nimtafutie kichupa chenye kifuniko kizuri, anataka kuteka maji ya Rusumo aje kuyamwaga Mwaloni. Tunaondoka wiki ya pili ya Aprili.