Tupeane uzoefu: Kiingereza chetu cha kuungaunga, watoto tunawasaidiaje?

Mama wa Mbagala (mwanzisha mada)
Habari za jioni wapendwa. Mimi niliishia darasa la saba, na Kiingereza changu ni cha salamu. Mimi na baba yake tumejibana, binti yetu yuko darasa la kwanza shule ya mchepuo wa Kiingereza. Juzi akiwa anafanya kazi ya nyumbani akaniuliza herufi ya katikati ya "pen". Nikamwambia "e". Akaandika a. Nikafuta, nikasema "e" kwa nguvu zaidi. Akaandika a tena. Nikamfokea, akalia, tukalala hivyo.

Kesho yake mwalimu akanieleza pale getini. Kumbe wao a wanaiita "ei", e wanaiita "i", na i wanaiita "ai". Mwanangu alikuwa ananisikia vizuri kabisa. Nilimwomba radhi. Siku hizi herufi simtajii kwa mdomo, namwandikia kwenye karatasi.

Wenzangu mnafanyaje? Naombeni yale mliyoyafanya wenyewe. Tuisheni sina hela yake.

Baba Boda
Pole dada, hilo la herufi limenikuta na mimi. Kwangu nikirudi usiku kijana anachukua kitabu chake, tunaangalia picha kwanza. Namuuliza kwa Kiswahili: huyu analia nini? Unadhani ataenda wapi? Akishaeleza, namwambia sasa nitajie vitu vya hapa kwa Kiingereza. Kinachomshinda tunakiwekea alama ya penseli, kesho anamuuliza mwalimu, jioni ananifundisha mimi. Mwanzo ukurasa mmoja ulikuwa na alama saba. Dakika kumi tu, lakini hatuziruki.

Mwalimu wa Awali
Baba Boda, endelea hivyo hivyo. Nawaomba wazazi msiache kuongea Kiswahili na watoto kwa hofu ya Kiingereza. Mtoto anayejua vizuri juu, chini, ndani na nyuma, mimi nikimfundisha "under" namwongezea jina tu. Asiyejua, nina kazi ya kumfundisha maana na jina kwa pamoja. Wasimulieni hadithi, hesabuni nao vitunguu sokoni, wajibuni maswali yao. Na akisema "dogi" badala ya "dog" msimcheke, maneno yetu ya Kiswahili huishia na irabu, ulimi wake unafuata ulichozoea. Atazoea.

Mama wa Kongo, Ohio
Mimi nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuja Marekani. Kwenye kikao cha shule, mwanangu wa miaka tisa ndiye alikuwa ananitafsiria. Mwalimu alisema mdogo wake hajaweza kusoma. Yeye akaniambia, "Mama, amesema anafanya vizuri." Alikuwa anamficha mdogo wake, na mimi nikamshukuru mwalimu huku natabasamu. Niliujua ukweli baada ya miezi mitatu. Iliniuma sana.

Wenzangu mlioko huku, msimtwike mtoto mzigo huo. Shule inayopokea pesa za serikali kuu inatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na mkalimani hulipii. Mimi niliandika kwenye karatasi maneno matatu, "Swahili interpreter please", nikampa mtu wa ofisini. Kikao kilichofuata mkalimani alikuwa kwenye simu, na kwa mara ya kwanza niliuliza maswali yangu yote.

Mama wa Mbagala
Asanteni sana, mama wa Kongo umeniliza. Leo nimejaribu ya Baba Boda. Tumeweka alama nne. Moja ni picha ya upawa, yeye akauita "kijiko kikubwa". Nikaenda jikoni nikamletea wa kwetu, nikamwambia huu ni upawa, akaushika akawa anajichotea mchuzi wa hewani. Kesho atamuuliza mwalimu kwa Kiingereza unaitwaje. Akirudi na jibu nitaliweka hapa.