Mrejesho: data ya mzazi kuonekana kwa mtoto baada ya fork

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini kwenye kerneli (sehemu kuu ya mfumo endeshi) ya prosesa za x86-64 tunayojifunzia hapa Malindi, baada ya fork (wito unaozaa mchakato mtoto kwa kunakili mzazi), mtoto hukuta kwenye steki yake data iliyoandikwa na mzazi, tena mara mojamoja tu. Limetatuka. Ahsante sana ndugu yetu wa Lamu uliyesema tuitazame TLB, akiba ndogo ndani ya prosesa inayohifadhi tafsiri za anwani za kumbukumbu.

Mzazi na mtoto hutumia kurasa zilezile za kumbukumbu mpaka mmoja ajaribu kuandika; hapo hitilafu ya ukurasa huifanya kerneli imtengenezee nakala yake. Kwa ajili hiyo fork ilizima biti ya 1, ile ya ruhusa ya kuandika, katika jedwali la kurasa la mzazi, ikaishia hapo. Prosesa haisomi jedwali upya kila mara, kwa hiyo TLB ilibaki na tafsiri ya zamani yenye ruhusa. Mzazi akiendelea kabla ya CR3 (rejista inayoonyesha jedwali la kurasa linalotumika) kupakiwa upya, kitendo kinachofuta tafsiri hizo za TLB, anaandika bila hitilafu ya ukurasa kutokea, na nakala haifanywi. Mtoto akitangulia, CR3 inabadilishwa na mambo yanakuwa sawa.

Dawa: badilisha maingizo yote kwanza, ndipo upakie CR3 upya; kwa ukurasa mmoja tu, amri ya invlpg, inayofuta tafsiri ya ukurasa huo, yatosha. Viini vingine vya prosesa vinavyoendesha nyuzi za mchakato huohuo lazima vitumiwe ishara ya kukatiza, na fremu (kipande cha kumbukumbu halisi kinachobeba ukurasa) isiachiliwe mpaka vyote vijibu. Hapa msilegeze hata kidogo.

Kulikuwa na la pili: kerneli, ikitekeleza wito wa read (wa kusoma faili), iliandika moja kwa moja kwenye kurasa za pamoja. Biti ya 16 ya CR0 (rejista ya kudhibiti prosesa) ikiwa 0, kerneli haizuiwi na ukurasa wa kusoma tu. Iwekeni 1 kwenye kila kiini, si cha kwanza pekee.