Ujumbe wa ubalozi unakuja Mtwara kuongelea haidrojeni ya kijani: dokezo liwe na nini?

KijanaWaShangani:
Wakuu salaam. Ubalozi mmoja wa Ulaya unaleta ujumbe Mtwara pamoja na kampuni inayotaka kujenga mtambo wa haidrojeni ya kijani (inayotolewa kwenye maji kwa umeme jadidifu kama wa jua au upepo) na amonia, mahali fulani kati ya Mtwara na Lindi. Nimepewa kazi ya kuandika dokezo la kurasa mbili ili wakubwa waingie kikaoni wakiwa na maswali ya maana. Mimi nimesoma mahusiano ya kimataifa, uhandisi sijui. Karatasi waliyotanguliza ina mambo matatu tu: elektrolaiza (mtambo wa kupasua maji kwa umeme ili kupata haidrojeni) ya megawati 100, "fedha za tabianchi zitapatikana", na hati ya makubaliano itiwe saini siku hiyohiyo. Umeme unatoka wapi, haisemi. Naombeni msaada, hasa namba za kuwabana nazo.

UnitiMoja:
Mkuu, anza na uniti, mengine yatafuata.

Kilo moja ya haidrojeni inakula uniti 50 hadi 55 ukihesabu mtambo mzima, pampu na vikandamizaji vikiwemo. Ndani ya kilo hiyo unabaki na uniti 33 hivi za nishati, kwa hiyo zaidi ya theluthi imeshayeyuka kabla hujaisafirisha hata mita moja. Kwa hesabu za mezani shika 52.

Sasa chukua megawati 100 za paneli. Kwa mwaka zinakupa asilimia 20 hadi 25 tu ya umeme ambao zingetoa zikifanya kazi kwa nguvu zote saa 24, tuseme 22. Zidisha 100 kwa saa 8,760 kwa 0.22, unapata megawati-saa 192,720 (megawati-saa moja ni uniti 1,000). Gawa kwa zile uniti 52 za kila kilo: haidrojeni tani 3,700 kwa mwaka. Amonia ina haidrojeni asilimia 17.6 kwa uzito, kwa hiyo tani hizo zinatoa amonia kama tani 21,000. Wakitaja tani 90,000, ujue wamehesabu elektrolaiza inayozunguka saa 24 siku zote. Hapo waulize usiku wanatumia umeme wa nani.

Hapo ndipo huku kwetu panapoharibika. Umeme tuliouzoea Mtwara na Lindi ni wa gesi. Mtambo wa gesi unatoa kilo 0.4 hadi 0.5 ya hewa ukaa kwa kila uniti; zidisha kwa 52, unazidi kilo 20 kwa kila kilo ya haidrojeni. Ukiitoa haidrojeni kwenye gesi asilia moja kwa moja, kama viwanda vya mbolea duniani vinavyofanya miaka yote, unapata kilo 9 au 10. Yaani kuchoma gesi ya Mnazi Bay ili kufua umeme wa kupasulia maji ni kuchafua mara mbili ya kiwanda cha kawaida, halafu bidhaa unaibandika jina la kijani. Kikomo cha Umoja wa Ulaya ni kilo 3.38 za hewa ukaa kwa kila kilo ya haidrojeni. Hesabu hii iweke ukurasa wa kwanza.

Maji: kikemia ni lita 9 kwa kilo. Ukiongeza maji yanayomwagwa wakati wa kusafisha na ya kupoozea, panga lita 20 hadi 30. Kwa tani 3,700 hiyo ni mita za ujazo 200 hadi 300 kwa siku. Si mengi kwa kiwanda, lakini usikubali yatoke kwenye vyanzo vya mji kama Mtawanya au Ng'apa. Wachuje maji ya bahari. Kazi hiyo inakula uniti 3 hadi 4 kwa mita ya ujazo, yaani chini ya nusu asilimia ya umeme wote wa mradi, hivyo kisingizio cha gharama hakina miguu. Tatizo la kweli ni maji ya chumvi kali yanayorudishwa baharini. Bomba lao likielekea Msimbati, wameingia kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Waulize bomba la kumwagia linaishia wapi na mkondo wa maji unaelekea upande gani wakati wa kusi na wakati wa kaskazi.

Jingine ambalo huwa halisemwi: kiwanda cha amonia hakipendi kuwashwa na kuzimwa. Kinataka joto na mgandamizo visivyoyumba, jua linazama kila jioni. Kwa hiyo lazima wawe na matangi ya kuhifadhi haidrojeni, au betri, au upepo wa kujazia. Kama bajeti haina mstari huo, bei wanayokutajia ni ya karatasi. Halafu amonia ni sumu. Huhifadhiwa kama kimiminika kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, na tangi halikai jirani na makazi. Bandari ya Mtwara imepakana na mji.

BabaKurasini:
UnitiMoja kamaliza upande wa mitambo. Mimi niseme ya mezani.

Swali la kwanza kwa balozi, kwa adabu zote: mnunuzi ni nani, na ameandika wapi? Miradi mingi ya haidrojeni duniani inakwama hapo, kwa sababu benki haitoi mkopo bila mkataba wa mauzo wa miaka mingi. Kipimo cha bei kipo. Mnada wa kwanza wa H2Global, mpango wa Ujerumani wa kununua haidrojeni na bidhaa zake kutoka nje, matokeo yake yakatangazwa 2024, uliipa ushindi kampuni ya Fertiglobe kwa amonia ya Misri: euro 811 kwa tani kabla ya usafirishaji, kama euro 1,000 ikifika Ulaya. Tani moja ya amonia ya kijani inakula kama megawati-saa 10. Umeme ukiwa senti 5 za dola kwa uniti, umeshatumia dola 500 kabla hujalipia chuma, riba wala meli. Ukiwa senti 10, biashara imekufa. Kwa hiyo bei ya umeme wanayoitumia katika hesabu zao ni namba ya pili ya kudai.

Kisha masharti ya Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu nini kinaitwa haidrojeni jadidifu. Mtambo wa kufua umeme usiwe umeanza kazi zaidi ya miezi 36 kabla ya elektrolaiza. Uzalishaji wa umeme na wa haidrojeni ulingane kwa mwezi hadi mwisho wa 2029, na kuanzia 2030 ulingane saa kwa saa. Watu wengi wa kwetu hukimbilia kusema "tuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115". Mashine yake ya kwanza iliingia gridini 2024. Elektrolaiza ikiwashwa 2030, bwawa limeshapitwa na miezi hiyo. Kuna msamaha kwa gridi yenye nishati jadidifu zaidi ya asilimia 90, lakini yetu bado ina gesi. Tafsiri yake: lazima waje na paneli zao au mitambo yao ya upepo, mipya.

Hapo linaingia suala la ardhi. Megawati 100 za paneli zinataka hekta 120 hadi 200. Wakizidisha paneli ili elektrolaiza isilale, wanavuka 250 kirahisi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kuhamisha ardhi isiyozidi hekta 250 ni uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji. Ikizidi, uamuzi unakwenda kwa waziri baada ya kijiji kutoa mapendekezo. Chunga ombi linalokatwa vipande vya hekta 240 katika vijiji vitatu. Wazee wa Likong'o, kule Lindi kulikotengwa kwa mradi wa kusindika gesi asilia, wanajua vizuri maana ya ardhi kuchukuliwa mapema na mradi kuchelewa. Fidia nayo ni sehemu ya mazungumzo, isiachwe kwa wathamini peke yao.

Kuhusu saini: mkoa hausaini. Hati ya kimataifa inapita Wizara ya Mambo ya Nje, wizara ya kisekta na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Na kwa kuwa mradi utachota maji, mwanasheria asome zile sheria mbili za 2017 za mamlaka ya nchi juu ya maliasili, kwa sababu kampuni itaomba migogoro isuluhishwe nje, na sheria hizo zinavutia ndani. Afadhali hilo lijulikane mapema kuliko likiibuka mwaka wa tatu.

MamaLikonde:
Mdogo wangu, ile sentensi ya "fedha za tabianchi zitapatikana" ipigie mstari mwekundu. Waulize: za mfuko upi, kwa sura gani, na zinapita mlango wa nani.

Sura ndiyo inayowadanganya wengi. Ruzuku, mkopo nafuu, dhamana na mtaji wa hisa vyote huitwa fedha za tabianchi kwenye hotuba. Afrika Kusini iliahidiwa dola bilioni 8.5 mwaka 2021 kwa ajili ya kuachana na makaa ya mawe; mpango ulipofunguliwa, ruzuku ilikuwa kama asilimia 4 tu, nyingine nyingi ni mikopo na dhamana. Dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035 zilizokubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Baku mwaka 2024 nazo zinachanganya fedha za umma na za binafsi. Kwa hiyo dokezo lidai jedwali: kila shilingi, sura yake, riba yake, miaka ya kulipa, na nani anadaiwa kampuni ikianguka. Dhamana ya serikali ikichomekwa humo, deni ni letu.

Mlango sasa. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi haupokei ombi kutoka kwa kampuni wala halmashauri inayojiendea. Linapitia taasisi iliyoidhinishwa na Mfuko. Kwa hapa nyumbani CRDB ilipata idhini 2019. Ofisi ya Makamu wa Rais ndiyo mamlaka ya kitaifa, na bila barua yake ya kutokuwa na pingamizi, andiko halifiki kwenye bodi. Mpangilio ni andiko dhana, maoni ya sekretarieti, andiko kamili, jopo huru la wataalamu, bodi, halafu mkataba. Kuna fungu la maandalizi la hadi dola milioni 1.5 kwa mradi, na njia iliyorahisishwa kwa miradi inayoomba hadi dola milioni 25 na yenye athari ndogo kwa mazingira. Kiwanda cha amonia hakiingii kwenye njia hiyo, asikudanganye mtu.

Maandiko hukwama wapi? Kwanza hoja ya tabianchi. Mwandishi anaeleza umaskini wa mkoa kurasa kumi, halafu haonyeshi ni tani ngapi za hewa ukaa zinaepukwa na kwa kulinganisha na nini. Mradi wa kuuza amonia nje una ugumu wa ziada: upungufu wa gesi joto unatokea Ulaya, mzigo wa ardhi na maji uko Mtwara. Pili, barua za wafadhili wenza zilizoandikwa "tunaunga mkono" bila kiasi. Tatu, tathmini ya mazingira. Mradi wa daraja la juu la athari unatakiwa tathmini yake iwekwe hadharani siku 120 kabla ya bodi, wa daraja la kati siku 30, pamoja na lugha ya wenyeji. Watu hutafsiri muhtasari wiki ya mwisho, kalenda inawapita, wanasubiri kikao kingine cha bodi. Cheti cha mazingira cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, nacho kina safari yake.

Na uliza haki ya kaboni, yaani haki ya kuuza upungufu wa hewa ukaa, ni ya nani. Tuna kanuni za biashara ya kaboni za 2022 na kituo cha taifa cha kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Upungufu ukiuzwa nje chini ya Ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris, sisi hatuwezi tena kuuhesabu katika lengo letu la kupunguza asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Kifungu hiki huwekwa nyuma kabisa ya mkataba, mistari miwili.

MkorosheniNaliendele:
Naongeza moja tu. Watawaambia "mtapata mbolea nafuu". Amonia si urea. Urea inataka na hewa ukaa, kama tani 0.73 kwa kila tani ya urea, kwa hiyo kiwanda cha haidrojeni ya kijani kitahitaji kuipata kwingine, labda kwenye tanuri la saruji. Na mkulima wa korosho wa huku kilio chake kikubwa ni salfa ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ambayo haitoki kwenye elektrolaiza hata ukiomba dua. Wakiahidi mbolea, waseme aina, tani, na bei ikiwa ghalani Masasi.

KijanaWaShangani:
Asanteni sana, nimejaza daftari. Mawili yamebaki. Wakubwa watauliza: kwa hiyo tuwakatalie? Na wageni lazima watachomekea gesi ya Likong'o, kwamba huwezi kuomba fedha za tabianchi huku unataka kuuza gesi.

BabaKurasini:
La gesi lina jibu lililoandikwa. Maamuzi ya COP28, mkutano wa dunia wa tabianchi wa Dubai 2023, aya ya 28 inataka kuondoka kwenye nishati za kisukuku kwa haki na utaratibu. Aya ya 29 inatambua kuwa nishati za mpito zinaweza kuchangia huku usalama wa nishati ukilindwa. Balozi anazijua zote mbili, atakusomea ya 28. Wewe mkumbushe ya 29, kisha mtajie Senegal: ina gesi, na mwaka 2023 ilipewa mpango wa euro bilioni 2.5 wenye lengo la asilimia 40 ya nishati jadidifu ifikapo 2030. Usibishane zaidi ya hapo. Msimamo wa Tanzania unajengwa ndani ya kundi la wajumbe wa Afrika, ambalo tangu 2025 linaongozwa na Dkt. Richard Muyungi wa kwetu, na mkoa usijitungie msimamo wake.

Kukataa, hapana. Wape barua ya nia ya kufanya upembuzi yakinifu. Iwe na ukomo wa miezi 12. Data zote za jua, upepo na maji wanazopima zikabidhiwe kwetu hata wakiondoka. Gharama za upembuzi ni zao. Ahadi ya ardhi isiwemo, wala ya dhamana. Ushuru wa huduma ulipwe halmashauri ambako mtambo uko, si Dar es Salaam ambako ofisi iko.

Na utafute neno "pekee". Huwa linajificha kwenye kifungu cha ushirikiano: kampuni inapewa haki ya pekee ya eneo fulani la pwani kwa miaka kadhaa. Lifute hata kama kila kingine kimekubalika, maana mwenye mtaji wa kweli akija mwakani atakuta eneo limeshikwa na asiye na mnunuzi.

UnitiMoja:
Kwenye data, andika kabisa: vipimo vya kila dakika 10 kwa mwaka mzima, faili ghafi. Wastani wa mwezi hauna kazi kama sharti la Ulaya ni saa kwa saa.