Nataka nyumba ibaki kwa mwenzangu: wosia huandikwaje?

Ngege Mkavu (Kisumu): Mimi ni mwanamke, mwenzangu pia. Nina ploti yenye nyumba Mamboleo, hati ina jina langu pekee, na akiba kwenye sacco. Sina mume wala mtoto. Mama ndiye namtumia pesa kila mwezi. Nianzie wapi?

Karani Mstaafu: Dada, usipoandika, Sheria ya Urithi ya Kenya (Sura ya 160) itawapa wazazi, kisha ndugu zako. Mwenzako hamo, maana Katiba, kifungu cha 45, inataja haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti tu. Lakini wosia hauulizi ndoa. Mtu mzima mwenye akili timamu humwachia mali yake amtakaye.

Mwandike kwa majina yake yote na namba ya kitambulisho. "Mwenzangu" pekee itazua ubishi. Namba ya ploti inakili kutoka kwenye hati, herufi kwa herufi. Tia sahihi mbele ya mashahidi wawili, nao watie zao mbele yako. Mwenzako asiwe shahidi! Akitia sahihi, alichoachiwa kinabatilika, ila kama wapo wawili wengine wasiopata kitu. Kuwa msimamizi wa wosia anaruhusiwa.

Ngege Mkavu: Si rahisi zaidi niongeze jina lake kwenye hati?

Karani Mstaafu: Tangu sheria ya usajili wa ardhi ya 2012, umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa aliyebaki huchukua vyote ni wa mume na mke, au kwa idhini ya korti. Nyinyi kila mmoja atakuwa na fungu lake, na lako bado litahitaji wosia. Tena ushuru wa stempu, unaolipwa ardhi ikihamishwa, mjini ni asilimia 4 ya thamani.

Wakili wa Mtaani (Nakuru): Mimi naogopa suala la mama. Mzazi uliyekuwa ukimtunza anaweza kwenda kortini, kabla mirathi haijathibitishwa, aombe fungu hata kama wosia hauna dosari. Mwachie kitu cha maana humo humo. Pesa za sacco ni habari nyingine: hufuata fomu ya mrithi uliyojaza huko. Kaichungulie, huenda bado ina jina la uliyemwandika ulipojiunga.

Na jamaa wakikusukuma ukaolewa na mwanamume, ndoa hiyo inafuta wosia wa awali.

Ngege Mkavu: Nikimwambia tu kwa mdomo, mbele ya watu?

Karani Mstaafu: Wosia wa mdomo unataka mashahidi wawili, na husimama tu ukifa ndani ya miezi 3. Andika. Nakala halisi mpe wakili. Droo ya chumbani hufunguliwa na shangazi kabla hata matanga hayajaisha.